Pengo na Mwanya: Istilahi za Kiswahili na Mwendo wa Chaji katika Nusuvipitishi vya Kikaboni

1. Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili wa kufundishia sayansi umedumu kwa muda mrefu kiasi kwamba kila upande umekwisha kukariri hoja za upande wa pili. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike kufundishia katika shule za sekondari za Tanzania. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Tangu hapo sera zimeandikwa na kuandikwa upya, makongamano yamefanyika, na Kiingereza kimeendelea kuwa lugha ya kufundishia masomo ya sayansi katika sekondari.

Kinachopungua katika mjadala huu ni mifano. Watetezi wa Kiswahili husema kwamba lugha yoyote yaweza kueleza jambo lolote. Wapinzani hujibu kwamba istilahi hazipo. Hoja zote mbili ni za jumla mno, na hoja ya jumla haimsaidii mwalimu aliyesimama mbele ya ubao akiwa na chaki mkononi. Makala haya yanafuata njia nyingine. Yanachukua somo moja gumu la fizikia ya leo, yaani namna chaji ya umeme inavyosafiri ndani ya nusuvipitishi vya kikaboni, na kuuliza: somo hili likielezwa kwa Kiswahili, linapoteza nini na linapata nini? Msimamo unaotetewa ni kwamba Kiswahili kinalimudu somo hili, na kwamba mahali pamoja au pawili kinalieleza kwa usahihi unaozidi ule wa Kiingereza, mradi waundaji wa istilahi wakubali kusikiliza lugha kabla ya kuitungia maneno.

2. Mwanafunzi wa Ringwani

Ili hoja isielee hewani, inafaa kumweka machoni mwanafunzi fulani. Tuseme anatoka Ringwani, katika Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, eneo la Wangoreme lililo jirani na nchi ya Wakuria wa Tarime. Nyumbani husema Kingoreme au Kikuria. Katika shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili, lugha ambayo iliwekwa kuwa ya kufundishia katika ngazi hiyo mwaka 1967. Aingiapo kidato cha kwanza, fizikia inamjia kwa Kiingereza, lugha ambayo hapo kijijini hakuna anayemwita mbuzi kwayo.

Mwanafunzi huyo si mgeni wa vifaa vya umeme. Paneli ya sola iliyo juu ya bati ameiona tangu utotoni, na simu ya mkononi anaijua. Paneli hiyo aghalabu ni ya silikoni, ambayo ni nusukipitishi cha madini. Lakini kioo cha simu nyingi za siku hizi hutoa mwanga wake kwa tabaka nyembamba za molekuli za kaboni. Chaji zinazokutana ndani ya tabaka hizo ndizo zinazowasha rangi anazozitazama. Kwa hiyo somo linalojadiliwa hapa liko mfukoni mwa watu wa Ringwani kama lilivyo katika maabara za Cambridge. Tofauti ni kwamba kwa mmoja lina maelezo, na kwa mwingine halina.

3. Plastiki inayopitisha umeme

Kila fundi wa umeme anajua kwamba waya huvishwa plastiki kwa sababu plastiki ni kihami: haipitishi umeme. Mwaka 1977 Hideki Shirakawa, Alan MacDiarmid na Alan Heeger walionyesha kwamba kanuni hiyo ina mipaka. Walichukua utando wa poliasetilini, ambayo ni plastiki yenye mnyororo wa kaboni, wakaukutanisha na mvuke wa iodini, na uwezo wake wa kupitisha umeme ukapanda mara mamilioni. Kwa kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2000. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke, waliokuwa Kodak, walitangaza taa bora ya tabaka mbili za molekuli za kaboni. Mwaka 1990 watafiti wa Cambridge wakaonyesha kwamba hata polima yaweza kutoa mwanga ipitishiwapo umeme.

Mwaka huohuo wa 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Ilikuwa kazi kubwa na ya kuheshimika. Lakini kamusi haiwezi kutarajiwa kuwa na majina ya vitu ambavyo ndiyo kwanza vinazaliwa. Sayansi iliendelea kutembea baada ya kamusi kufungwa, na hapo ndipo lilipo tatizo la istilahi: si kwamba hazikuundwa, bali kwamba uundaji ulichukuliwa kama ujenzi wa nyumba, unaokwisha paa likiezekwa, ilhali ni kama kilimo, kinachorudiwa kila msimu.

Siri ya plastiki hizi iko katika kaboni yenyewe. Atomu ya kaboni ina elektroni nne za kushikamana na jirani zake. Katika mnyororo wa aina hii, tatu hutumika kufunga bondi imara, na ya nne hubaki ikishirikiwa katika mnyororo ambamo bondi moja na bondi mbili hupokezana. Elektroni hizi za nne hazikufungwa sana mahali pamoja. Ndizo zinazoufanya mnyororo uwe njia.

Hapa tayari pana onyo la kiistilahi. Neno ‘organic’ la Kiingereza limekwisha kuingia Tanzania kwa mlango wa kilimo, na huko limefasiriwa ‘hai’: kilimo hai, mazao ya kilimo hai. Atakayefasiri kwa mazoea ataandika ‘nusukipitishi hai’, na mwanafunzi atadhani kwamba kitu hicho kinapumua. Jambo linalokusudiwa ni kaboni wala si uhai. Ndiyo maana makala haya yanatumia ‘nusukipitishi cha kikaboni’.

4. Pengo na mwanya

Istilahi mbili ndizo kitovu cha somo lote la nusuvipitishi. Ya kwanza inahusu nafasi inayobaki elektroni inapoondoka mahali ilipokuwa. Nafasi hiyo hutenda kana kwamba ni chembe yenye chaji chanya: elektroni ya jirani ikiingia kuijaza, nafasi mpya hubaki kwa jirani, na hivyo nafasi yenyewe huonekana ikisafiri kuelekea upande wa pili. Kiingereza huiita ‘hole’, na wafasiri wengi wangeandika ‘tundu’ au ‘shimo’.

Ya pili inahusu masafa ya nishati baina ya ngazi ya juu iliyojaa elektroni na ngazi ya chini iliyo tupu. Katika masafa hayo elektroni haina mahali pa kukaa kabisa. Ama iko chini, ama imepewa nishati ya kutosha ikafika juu. Hii Kiingereza huiita ‘gap’, na mfasiri wa haraka ataandika ‘pengo’.

Kiswahili kina tofauti ambayo Kiingereza hakikuitumia hapa, na kila mtoto anaijua kwa kutazama vinywa vya watu. Mtu aliyeng’oka jino ana pengo. Mtu aliyezaliwa na nafasi baina ya meno ya mbele ana mwanya. Pengo ni nafasi ya kitu kilichokuwapo kikaondoka. Mwanya ni nafasi ambayo haikuwahi kuwa na kitu. Ndiyo maana katika tanzia husemwa kwamba marehemu ameacha pengo, wala hakuna asemaye kwamba ameacha mwanya. Tena pengo huzibwa: mwalimu akihama, mwingine hutolewa shule ya jirani kuziba pengo, na shule ile ya jirani hubaki na pengo lake.

Msomaji atakayetazama tena maelezo ya fizikia yaliyotangulia ataona kwamba kazi imekwisha kufanywa na lugha. Nafasi iliyoachwa na elektroni ni pengo, kwa maana kamili ya neno hilo. Huzibwa na jirani, na kwa kuzibwa huhama. Masafa ya nishati yasiyo na makazi ya elektroni ni mwanya: hakuna kilichong’oka pale. Anayefasiri ‘gap’ kwa ‘pengo’ na ‘hole’ kwa ‘tundu’ amefuata sura ya maneno ya Kiingereza na kupoteza maana iliyokuwa ikimngojea katika Kiswahili. Tundu halisafiri, tundu la ukuta hubaki ukutani. Pengo husafiri kila linapozibwa.

Kwa mtazamo huu, tendo la iodini katika majaribio ya 1977 laelezwa kwa sentensi moja: iodini hunyang’anya mnyororo wa kaboni baadhi ya elektroni zake, na mapengo yanayobaki ndiyo yanayobeba umeme. Tendo hilo la kuongeza kiasi kidogo cha kitu kigeni ili kubadili tabia ya kitu kizima nalo lahitaji jina. Wapo watakaopendelea ‘kukoleza’, lakini kitenzi hicho kina jukumu lake katika kemia ya miyeyusho, na istilahi moja haifai kubeba mizigo miwili katika maabara moja. ‘Kutia chachu’ yafaa zaidi, kwa sababu kila aliyeona togwa au unga wa mkate anajua kwamba chachu ni kidogo na athari yake ni kubwa.

5. Kukimbia na kuruka

Tofauti kubwa baina ya silikoni na vitu vya kikaboni ni namna ya mwendo. Katika fuwele ya silikoni, atomu zimepangika kwa nidhamu na kushikamana kwa nguvu, hata elektroni haiwi mali ya atomu moja. Huenea katika nyingi na kupita kama mkimbiaji katika mbuga iliyo wazi. Katika vitu vya kikaboni, bondi za ndani ya molekuli ni imara, lakini molekuli na molekuli hushikana kwa nguvu dhaifu, na mpangilio wao aghalabu ni wa ovyo. Elektroni hukaa kwenye molekuli moja, kisha huruka hadi nyingine. Mwendo wake ni wa mtu anayevuka kijito kwa kukanyaga jiwe baada ya jiwe: mawe hayalingani kimo, wala umbali baina yake si mmoja, na mara nyingine njia ya mbali kidogo ndiyo iliyo rahisi.

Mfano huu una faida ambayo haipatikani kwa kukariri fasili. Unamwezesha mwanafunzi kutabiri. Akiulizwa joto likipanda itakuwaje, atafikiri: mrukaji kutoka jiwe la chini kwenda jiwe la juu anahitaji nishati, na joto ndilo linalompa, basi mwendo utakuwa mwepesi zaidi. Naam, ndivyo inavyoonekana katika tando nyingi za kikaboni zisizo na mpangilio. Katika silikoni ya kawaida mambo hugeuka: joto huzitikisa atomu, na mkimbiaji hujikwaa. Vipo pia vitu vya katikati. Katika fuwele safi za molekuli za kaboni, mwendo wa chaji huweza kupungua joto linapopanda, dalili kwamba huko elektroni imeenea kuliko kuruka.

Ukubwa wa tofauti hizo wafaa kutajwa kwa tarakimu. Wepesi wa mwendo wa chaji hupimwa kwa sentimeta za mraba kwa kila volti na sekunde. Kwa elektroni za silikoni kipimo ni karibu 1,400. Kwa fuwele safi za rubrini, ambayo ni molekuli ya kaboni na haidrojeni, kimezidi 10. Kwa tando nyingi zisizo na mpangilio ni sehemu ya elfu ya kipimo kimoja, na nyingine hushuka hadi sehemu ya milioni.

Kuna sababu nyingine ya uzito huo. Elektroni inapokaa kwenye molekuli laini, molekuli hubadili umbo kidogo kuizunguka. Aliyelala kwenye kitanda cha kamba anaelewa: kamba hubonyea chini yake, na akitaka kujisogeza sharti atoke katika bonde lake mwenyewe na kufanya bonde jipya. Elektroni pamoja na bonde lake huitwa polaroni. Kadhalika ipo mitego: mahali penye nishati ya chini, aghalabu palipoingia oksijeni au maji, ambapo chaji huanguka ikachelewa kutoka. Kwa sababu hiyo vifaa vya kikaboni hufunikwa vizuri visiguswe na hewa yenye unyevu.

Mwanga nao huleta jambo la pekee. Unapofyonzwa na silikoni, elektroni na pengo huachana kwa urahisi. Katika vitu vya kikaboni hubaki zimeshikana kama pacha, zikiitwa eksitoni, na pacha hao huweza kusafiri takriban nanometa 10 tu kabla ya kufa, na nanometa ni sehemu ya bilioni ya mita. Ili umeme upatikane, sharti pacha wafike haraka kwenye mpaka wa kitu cha pili kinachopenda elektroni zaidi. Kwa ajili hiyo watengenezaji huchanganya vitu viwili kama kande, hata kila punje ya hindi iwe karibu na haragwe. Mfano wa kande hukomea hapo, kwani katika seli ya sola kila upande lazima pia uwe na njia isiyokatika ya kufika kwenye elektrodi yake. Kwa ufundi huo, seli za kikaboni ambazo mwaka 1986 ziligeuza asilimia 1 ya mwanga kuwa umeme, sasa hugeuza zaidi ya asilimia 19 maabarani.

6. Hoja za upinzani

Hoja ya kwanza ya upinzani husema kwamba mifano hudanganya. Ni kweli, elektroni si mvukaji wa kijito wala haina miguu. Lakini ‘hole’ pia ni mfano, na Kiingereza hakikuona haya kuutumia. Swali si kama istilahi itakuwa na sitiari ndani yake, bali ni sitiari ipi inayopotosha kidogo zaidi, na kama mwalimu ataonyesha mahali inapokoma, kama ilivyoonyeshwa kuhusu kande.

Hoja ya pili husema kwamba ni rahisi zaidi kuyatohoa maneno yote: semikondakta, holi, hopingi. Utohozi una nafasi yake. Elektroni, polaroni na eksitoni ni majina ya vitu ambavyo hakuna lugha iliyokuwa navyo kabla ya sayansi kuvigundua, na kuyakopa si aibu. Lakini jina la kitu laweza kukopwa bila hasara. Tendo likikopwa, maelezo hufa. Anayesema kwamba elektroni ‘inafanya hopingi’ hajasema lolote kwa asiyejua Kiingereza, na kwa anayekijua hakuwa na haja ya kusema.

Hoja ya tatu ndiyo nzito. Husema kwamba hata Kiswahili si lugha ya mama ya mtoto wa Ringwani, basi kwa nini mzigo mmoja ubadilishwe kwa mwingine? Jibu la kweli ni kwamba mizigo hiyo hailingani. Kiswahili amekisoma miaka yote ya shule ya msingi, na ni lugha ya Kibantu kama Kingoreme na Kikuria, yenye ngeli na viambishi anavyovifahamu tangu kifuani mwa mama. Hata hivyo hoja hiyo haifai kupuuzwa. Kiswahili sanifu kimekwisha kupokea maneno kama ‘ikulu’, ‘bunge’ na ‘kitivo’ kutoka lugha nyingine za Tanzania. Hapana sababu kwa nini istilahi za sayansi zisitafutwe pia huko Mara, kwa wasemaji wenye maneno mahususi ya kuruka, kunasa na kubonyea. Istilahi iliyotoka kwao haitakuwa ngeni kwao.

7. Hitimisho

Makala haya hayadai kwamba Kiingereza kiondolewe shuleni. Mtafiti wa nusuvipitishi atakihitaji, kama anavyohitaji hesabu. Linalodaiwa ni kwamba kuelewa kutangulie, na kwamba kuelewa hupita katika lugha ambayo mtu anaweza kuulizia swali la kijinga bila kuogopa kuchekwa kwa sarufi.

Kwa hiyo wahusika wa istilahi, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili na idara za fizikia za vyuo vikuu, hawana budi kubadili utaratibu. Badala ya orodha kuundwa mezani kisha kupelekwa shuleni, orodha ianze kwa majaribio shuleni. Istilahi ipelekwe Ringwani kabla ya kupelekwa kwa mpiga chapa. Mwanafunzi asiulizwe kama ameikariri. Aulizwe nini kitatokea joto likipanda, au unyevu ukiingia, au jirani akiziba pengo. Akitabiri sawasawa, istilahi imefaulu. Akikosea, kosa si lake peke yake, na kamusi irudi kwenye karakana.